Ufuta Jikoni: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimekulia Lindi, ambako ufuta ulianikwa hadi kwenye vibaraza, na sasa napika futari na vyakula vya shughuli Dar es Salaam. Maswali yaliyo hapa ni yale ninayoulizwa na wateja, majirani na ndugu walio mbali. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo watu wengi wanapoharibikiwa. Mengine hayahitaji maneno mengi.

Ufuta na simsim ni kitu kimoja?

Ni kitu kimoja. Tanzania tumezoea kusema ufuta. Kenya na Uganda utasikia zaidi simsim, neno lililotoka Kiarabu. Wajaluo wanaita nyim. Kwenye maduka ya Wahindi, Dar au Mombasa, ukiomba til au tal utapimiwa hiyohiyo. Lisikilize neno lenyewe: ufuta, mafuta. Karibu nusu ya uzito wa mbegu hii ni mafuta, na ukilishika hilo utaelewa kwa nini inaungua haraka, kwa nini ukiisaga inakuwa rojo na si unga, na kwa nini ikikaa sana inaharibika.

Kuna tofauti gani kati ya ufuta mweupe, wa kahawia na mweusi?

Ni aina za mmea mmoja zenye maganda ya rangi tofauti. Mweupe ndio unaotafutwa zaidi na wanunuzi, na ndio utakaokutana nao sana sokoni kwetu. Ladha yake ni ya upole, inakubali sukari, nazi na iliki. Wa kahawia una ladha nzito kidogo na wengi wanaupenda kwa kukamua mafuta. Mweusi una harufu kali zaidi na uchungu wa mbali. Wajapani na Wachina wanautumia sana kwenye vitu vitamu na juu ya wali. Kwa mapishi yetu ya pwani ninatumia mweupe, na mweusi nachanganya kidogo tu kwenye mkate ili jicho lipate cha kutazama.

Usidanganyike na weupe uliopitiliza. Ufuta mweupe wenye ganda lake una rangi ya krimu isiyong'aa. Ukiona unang'aa kama lulu, huo umekobolewa. Si vibaya, lakini ni bidhaa nyingine, na hauvumilii kukaa muda mrefu.

Ufuta mweusi ndio habasoda?

Hapana, na kosa hili linaharibu chakula kweli. Mbegu ya ufuta ni bapa, laini, ina umbo la tone la maji. Habasoda ina pembepembe, ni nyeusi tii, na ukiisugua kiganjani inatoa harufu kali ya kiungo, karibu na ya binzari nyembamba. Niliwahi kuletewa kashata zilizopikwa kwa habasoda badala ya ufuta mweusi. Zilikuwa chungu hata watoto hawakuzigusa. Ukiwa na shaka, tafuna mbegu tatu kabla hujalipa.

Nitajuaje ufuta mzuri sokoni?

Chota kidogo kiganjani upulize. Ukiona vumbi limebaki kwenye mistari ya kiganja, ujue kazi ya kusafisha inakusubiri. Nusa: ufuta mzuri hauna harufu kubwa ukiwa mbichi. Ule uliokaa sana unanuka mafuta ya juzi. Kisha tafuna. Mzuri una utamu wa mbali kama wa karanga mbichi, mbaya unakwaruza koo na kuacha uchungu.

Muuzaji akikuruhusu, dondosha kijiko kimoja kwenye glasi ya maji. Mchanga unakwenda chini moja kwa moja, kabla ya mbegu kushuka. Wauzaji wa Kariakoo wanaonifahamu wameshazoea kuniona na chupa yangu ya maji, hawashangai tena.

Mbona ufuta wangu una mchanga? Naondoaje?

Hili ndilo swali ninalopata kuliko yote, kwa hiyo tulia nalo.

Mchanga unaingia shambani. Vitumba vya ufuta vikikauka vinapasuka vyenyewe na kumwaga mbegu, kwa hiyo mkulima hawezi kusubiri mpaka vyote vikauke shambani. Anakata mashina yakiwa yameanza tu kugeuka manjano, anayafunga matita, anayasimamisha yaegemeane mpaka yakauke. Siku ya kupura, anageuza kila tita kichwa chini na kulitikisa. Akitandika turubai pana, ufuta unatoka msafi. Akipura kwenye ardhi tupu, anazoa na udongo. Chembe za mchanga zikiwa na ukubwa karibu sawa na mbegu, ungo peke yake hauzitenganishi.

Mwaka mmoja nilinunua kilo tano za haraka kwa ajili ya futari, nikapepeta tu, nikaridhika. Mikate ilitoka mizuri sana machoni. Mteja alipouma tonge la kwanza nilisikia mwenyewe meno yake yakisaga. Sijasahau sauti ile, na tangu siku hiyo sipiki ufuta usiooshwa, hata ukiwa umetoka kwenye pakiti iliyoandikwa safi.

Fanya hivi. Kwanza pepeta kwa ungo uondoe makapi na vumbi. Pili, mimina ufuta kwenye beseni kubwa, ujaze maji mengi, zaidi ya mara nne ya ufuta. Tumbukiza mkono ukoroge kwa nguvu mpaka mbegu zote zizunguke. Toa mkono, hesabu moja, mbili, tatu. Mchanga umeshatua, ufuta bado unazunguka. Hapohapo mimina maji pamoja na mbegu zinazoelea kwenye chujio lililotandikwa kitambaa chepesi, ukiacha kile kilichotua chini. Ongeza maji, koroga, hesabu, mimina tena. Mwishowe utabaki na kama kijiko kimoja cha ufuta uliochanganyika na mchanga chini ya beseni. Mwaga, usiuonee huruma. Ufuta uliouvua urudishe kwenye beseni la pili na kurudia mara moja zaidi. Ukipitisha kidole chini ya beseni na usisikie mkwaruzo, umemaliza.

Baada ya hapo utandaze mwembamba kwenye kitambaa cheupe au sinia, juani, mpaka ukauke kabisa. Kama unaupika siku hiyohiyo unaweza kuumwaga mbichi na maji yake kwenye kikaango, maji yakauke kwa moto mdogo. Lakini usihifadhi ufuta wenye unyevu, utaota ukungu.

Ni lazima ukaangwe?

Kwa mkate unaopita kwenye moto, si lazima, utaiva pamoja nao. Kwa mambo mengine yote, kaanga. Ufuta mbichi hauna cha kusema. Harufu tunayoiita ya ufuta inazaliwa kwenye moto.

Tumia kikaango kizito, kikavu, bila tone la mafuta, kwa sababu mafuta yamo ndani ya mbegu. Moto uwe mdogo. Weka ufuta usiozidi unene wa kidole na ukoroge bila kuondoka. Dakika mbili tatu za mwanzo hutaona kitu, na hapo ndipo watu wanapokosa subira na kuongeza moto. Usiongeze. Kisha utasikia mbegu zinaanza kutatarika, moja moja, baadaye nyingi kwa pamoja, nyingine zinaruka hadi nje. Rangi inatoka kwenye krimu kwenda kwenye dhahabu hafifu. Chukua mbegu moja uiponde kati ya kidole gumba na cha shahada: ikivunjika kirahisi na kuacha harufu kidoleni, imeiva. Kwa vikombe viwili mimi huwa natumia dakika sita hadi nane.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Mara unapozima, umwage ufuta wote kwenye sinia baridi. Kikaango kizito kinaendelea kupika hata kikiwa kimeshaondoka jikoni. Ufuta ulioachwa humo dakika tatu tu unatoka na rangi ya kahawa, na uchungu wake hauondoki kwa sukari wala kwa asali.

Ninahitaji kuukoboa?

Kwa mkate, kashata na mboga, hapana. Ganda ni jembamba na lina faida zake. Kwa tahina, lile rojo la ufuta uliosagwa, ukitaka iwe nyeupe na laini, ndiyo, tumia uliokobolewa. Kukoboa nyumbani ni kazi ya kuloweka, kupikicha na kutenganisha maganda kwa maji, na kwa kilo moja unaweza kupoteza mchana mzima. Nunua uliokobolewa kiwandani.

Mkate wa ufuta unapikwaje, na kwa nini wangu unaanguka ninapogeuza kikaango?

Mkate wa ufuta ni wa Zanzibar na pwani yote, na mwezi wa Ramadhani ndipo unapopikwa kwa wingi. Watu wanaula na mchuzi wa samaki, mishikaki, maharage ya nazi, au mtupu na chai ya rangi. Utamu wake uko kwenye tui.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano utahitaji tui zito la vuguvugu kikombe kimoja na nusu, na ongeza kidogokidogo mpaka kufikia kikombe na robo tatu kama unga unanywa. Hamira kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari kijiko cha chai kimoja, chumvi nusu kijiko cha chai, yai moja. Unga wa mkate huu haukandwi kama wa chapati. Unapigwa kwa mkono ndani ya bakuli, ukiuinua na kuubwaga, mpaka uwe unavutika kama mpira na kujiachia kwenye vidole. Uache uumuke, uupige tena upungue, uumuke mara ya pili.

Sasa kikaango. Wengi wanatumia kile kisichoshika chakula, halafu wanashangaa mkate unadondokea kwenye mkaa. Mkate huu lazima ushike! Chukua kikaango cha kawaida, kipashe moto vizuri, kinyunyizie maji yenye chumvi. Yatachemka mara moja na kuacha utando mweupe. Lowesha viganja, chota donge, litandaze kikaangoni kwa vidole vilivyolowa, unene wa kama sentimita moja. Nyunyiza ufuta juu wakati unga bado umelowa, na uukandamize kidogo kwa kiganja ili ushike. Chini kukishaiva na kuanza kuwa kahawia, inua kikaango ukigeuze kielekee mkaa, kwa umbali wa shubiri moja. Zungusha mkono taratibu. Uso wa mkate utavimba, utapata madoa ya dhahabu, na ufuta utaanza kunukia mpaka kwa jirani. Urudishe wima, ubandue kwa mwiko mwembamba, upake samli ungali moto.

Asiye na mkaa atumie jiko la gesi kwa kikaango kinachoweza kuingia kwenye oveni, amalizie kwa moto wa juu wa oveni. Unapendeza, ila moshi wa mkaa utaukosa.

Kashata zangu za ufuta hazishikani, au zinakuwa ngumu kama jiwe. Nakosea wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye sukari na muda wake kwenye moto. Kipimo changu ni vikombe viwili vya ufuta uliokwisha kukaangwa kwa kikombe kimoja cha sukari, vijiko viwili vya maji, iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai na chumvi chembe chache.

Weka sukari na maji kwenye sufuria nzito, moto wa wastani, na usikoroge, tikisa sufuria tu. Itachemka na povu kubwa, kisha povu litapungua na kuwa zito, halafu rangi itaanza kuingia pembeni. Ikiwa na rangi ya asali changa, mimina ufuta, iliki na chumvi, changanya haraka. Ukiitoa ikiwa bado nyeupe, kashata hazitashikana, zitamung'unyika. Ukingoja mpaka iwe kahawia iliyokolea, zitakuwa ngumu na chungu.

Ufuta uwe wa moto unapoingia. Ukiumwaga wa baridi, sukari inaganda kabla hujaisambaza. Mwaga juu ya ubao uliopakwa mafuta, bapaza kwa chupa au kwa kifimbo cha chapati kilichopakwa mafuta pia, na ukate hapohapo. Ukisema ngoja zipoe kwanza ndipo nikate, zitavunjika ovyo. Kuwa mwangalifu: sukari hii inaunguza kuliko maji yanayochemka, na watoto wasisogee.

Ukipenda kashata laini zaidi, badilisha nusu ya sukari iwe asali au sukari guru.

Naweza kutengeneza tahina nyumbani?

Unaweza, na ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Tahina ni ufuta uliosagwa basi, pamoja na mafuta kidogo. Kaanga vikombe viwili kwa wepesi sana, rangi isibadilike sana. Usage kwenye blenda ungali vuguvugu, kwa sababu joto linalegeza mafuta. Mwanzoni utaona unga mkavu unaopanda pembeni. Zima, kusanya kwa mwiko, saga tena. Ongeza mafuta yasiyo na harufu kijiko kimoja kimoja, mpaka vitatu au vinne. Baada ya muda unga utalegea ghafla na kuwa rojo linalotiririka. Pumzisha blenda kila dakika mbili usije ukaunguza mota.

Ikikaa, mafuta yatapanda juu. Hiyo ndiyo tabia yake, koroga tu. Jambo linalowashtua wengi: ukitia ndimu au maji kidogo kwenye tahina, inaganda na kuwa nzito. Usiitupe. Endelea kuongeza maji ya baridi taratibu huku ukikoroga, itapita hapo na kuwa mchuzi mweupe laini. Mchuzi huo, ukiutia kitunguu saumu kilichopondwa na chumvi, unakwenda na samaki wa kuchoma kuliko kitu chochote ninachokijua.

Ufuta unaweza kuchukua nafasi ya karanga kwenye mboga?

Vizuri sana, na nashangaa kwa nini tunaounga mboga kwa karanga na korosho kila siku hatuukumbuki. Kaskazini mwa Uganda, kwa Waacholi na Walango, hili ni jambo la kila nyumba. Wana rojo liitwalo odii, la karanga na simsim zilizosagwa pamoja, na ndilo linalotiwa kwenye mboga za majani kama malakwang, ambayo ina uchachu wake. Mafuta ya simsim yanaulainisha uchachu ule, na kiazi kitamu kinakaa pembeni.

Kwa sufuria ya mchicha, kisamvu au majani ya kunde ya watu wanne, vijiko vitatu vya ufuta uliokaangwa na kutwangwa vinatosha. Twanga na chumvi kwenye kinu kidogo, legeza kwa maji ya moto, utie dakika tano za mwisho. Usichemshe sana, utajitenga na mafuta yataelea. Ufuta una nguvu kuliko karanga, kwa hiyo anza na kidogo.

Mafuta ya ufuta yanafaa kukaangia?

Inategemea ni yapi. Yako mafuta yaliyokamuliwa kwenye mbegu mbichi, rangi ya manjano hafifu, harufu ya upole. Hayo unapikia kila kitu. Na yako ya mbegu zilizokaangwa kwanza, ya kahawia, yanayopendwa na Wachina, Wakorea na Wajapani. Hayo ni kiungo: unatia kijiko kimoja chakula kikishaiva. Ukiyakaangia, harufu yote inapotea na uchungu unabaki. Duka la Kihindi likikuuzia chupa iliyoandikwa gingelly, ni mafuta ya ufuta ya aina ya kwanza.

Watu wazima wa pwani wanayajua kwa jina la mafuta ya uto. Zamani Lamu na Unguja yalishindikwa kwa vinu vikubwa vilivyozungushwa na ngamia aliyefungwa macho, akizunguka palepale kutwa nzima. Yalipikiwa, yakapakwa mwilini. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kifaransa walinunua ufuta wa pwani hii kwa wingi, wakaupeleka Marseille kukamuliwa, na mafuta yake mengi yakaishia kwenye sabuni. Mashamba ya Malindi yaliyolisha biashara hiyo yalilimwa na watumwa, na mimi sipendi kuisimulia habari ya mafuta yale bila kuwataja wao.

Makapi yanayobaki baada ya kushindika yanaitwa mashudu. Yanalishwa mifugo. Kama una kuku, ulizia kwenye mashine ya karibu.

Ufuta una faida gani mwilini?

Gramu 100 za ufuta wenye ganda zina kalori zipatazo 570, protini gramu 17 hadi 18, na mafuta karibu gramu 50, mengi yakiwa ya aina nzuri kwa moyo. Una madini ya chuma, magnesi na zinki. Kalsiamu ndiyo inayotajwa sana: karibu miligramu 975 kwa gramu 100.

Hapa pana jambo ambalo mabango ya wauzaji hayasemi. Kalsiamu hiyo iko kwenye ganda, pamoja na oksaleti inayoifunga, kwa hiyo mwili hauipati yote. Ukikoboa, oksaleti inaondoka lakini kalsiamu nayo inashuka hadi karibu miligramu 60. Tena hakuna anayekula gramu 100 kwa mkao mmoja. Kijiko cha chakula ni gramu 9 hivi, mbegu kama 3,000. Kula ufuta kwa sababu ni chakula kizuri, na usiache maziwa, dagaa na mboga za majani kwa ajili yake.

Nimesikia unatibu kisukari, unaongeza nguvu za kiume, unarudisha nywele nyeusi. Ni kweli?

Ufuta ni chakula. Mtu mwenye kisukari au presha anaweza kuula kwa kiasi kama sehemu ya mlo wake, lakini asiache dawa zake hata siku moja kwa sababu ya kijiko cha mbegu. Nimewaona watu wakipoteza muda wa matibabu kwa maneno ya namna hii, na inaniuma. Mwulize daktari wako.

Kuna watu wanaodhurika na ufuta?

Wapo, na lisichukuliwe kuwa ni deko. Mzio wa ufuta unaweza kuwa mkali sawa na wa karanga. Dalili ni kuwashwa mdomo, vipele, kuvimba midomo au macho, kutapika, kukohoa, kifua kubana. Mtu akianza kupumua kwa shida, mkimbizeni hospitali, msingoje ipite yenyewe. Nchi za Umoja wa Ulaya zinalazimisha ufuta utajwe kwenye vyakula vya pakiti, na Marekani imelazimisha hivyo tangu tarehe 1 Januari 2023.

Kwenye shughuli zangu nauliza kabla ya kupika. Mbegu ni ndogo, inajificha kwenye mkate, kwenye kababu, kwenye mchuzi, na mafuta yake hayaonekani kabisa. Nawe ukipikia wageni, uliza.

Naweza kumpa mtoto mdogo?

Kwa mtoto aliyeanza kula, ufuta uwe umesagwa laini na kuchanganywa kwenye uji, nusu kijiko cha chai kwa mara ya kwanza, mchana, ili uweze kumwangalia. Kama kwenu kuna historia ya mzio wa vyakula, ongea na mhudumu wa kliniki kwanza. Kashata asubiri mpaka awe na meno ya kutosha.

Unahifadhiwaje?

Mbichi na mkavu kabisa, kwenye chombo cha glasi chenye mfuniko, mahali pa giza na pasipo joto, unakaa miezi kadhaa. Kwenye friji zaidi. Uliokaangwa, tumia ndani ya wiki mbili tatu, na uliosagwa ukae kwenye friji. Uliokobolewa unaharibika mapema kuliko wenye ganda. Usiweke karibu na jiko. Pwani kwetu joto na unyevu vinaungana, kwa hiyo mimi nanunua kilo moja moja tu.

Kama Tanzania inalima ufuta mwingi hivi, mbona tahina dukani inatoka nje?

Swali hili linanigusa. Tanzania ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa ufuta duniani. Lindi na Mtwara ndiko kitovu, na unalimwa pia Ruvuma, Pwani, Morogoro, Dodoma, Singida na Manyara. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu bora kama Ziada 94, Lindi 2002 na Mtwara 2009. Kuanzia mwezi wa tano hivi, ukifika Nachingwea au Liwale utaona magunia yamepangwa kwenye maghala ya vyama vya ushirika yakisubiri mnada wa stakabadhi ghalani, yaani mauzo ya pamoja ya mazao yaliyowekwa ghalani kwa risiti. Kisha yanapakiwa, yanakwenda bandarini, na sehemu kubwa inaishia China, Japani na nchi nyingine za Asia ikiwa mbegu ghafi.

Sina neno na mkulima anayeuza, pesa ile ndiyo inayosomesha watoto. Ninacholalamikia ni jikoni. Katika nyumba nyingi za kwetu Lindi, ufuta ni zao la kuuza, si la kupika: gunia linatoka uani, na mboga ya jioni inaungwa kwa mafuta ya dukani. Mama yangu alikuwa anaweka debe moja kila msimu, hauzi hata bei ikipanda vipi. Debe hilo ndilo lililonifundisha yote niliyoyaandika hapa. Kama una shamba, weka debe. Kama huna, nunua kilo moja msimu wa mavuno, mwezi wa sita au wa saba, wakati ufuta bado mpya.

Niko nje ya nchi. Nitafute wapi?

Usinunue vile vikopo vidogo vya viungo kwenye supamaketi, bei yake ni kubwa na mara nyingi umeshakaa. Nenda maduka ya Wahindi, Waarabu, Waturuki au Wachina, utaupata kwa mifuko ya nusu kilo au kilo. Kwa mkate wa ufuta nunua wenye ganda, sio uliokobolewa, na tui la kopo lisilopunguzwa mafuta.

Nimekaanga mwingi kuliko nilivyohitaji. Nifanye nini na uliobaki?

Utwange nusunusu na chumvi na pilipili kavu, uuweke kwenye chupa mezani. Nyunyiza kwenye wali mweupe, kwenye mhogo wa kuchemsha, kwenye kachumbari, kwenye embe bichi. Kwangu hiyo chupa haimalizi wiki.